Barazani kwa Mwalimu: Bango la wizi, na nani atalisoma

Mwezi huu mumeniletea barua nyingi kuhusu wizi, na nne kati ya hizo zimeulizia jambo moja kwa njia mbalimbali: tuwaambieje watu? Nimezifupisha kidogo na majina nimeyaondoa. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu anayeuliza ana kazi ya kufanya, na siku zake ni chache.

Mwalimu, salamu alaikum. Mimi ni katibu wa kamati ya Nyumba Kumi, ya ulinzi wa mtaa, hapa Langoni, Lamu. Tangu Mfungo Nne, yaani Muharamu, nyumba saba zimeingiwa, na Maulidi yaja, mui utajaa wageni. Tumechanga shilingi 18,000. Mwenyekiti ataka tuchapishe mabango makubwa, WEZI WAMEZIDI LAMU, JIHADHARINI, tuyabandike Ndia Kuu yote mpaka Mkunguni mbele ya Ngome. Kisha tukodi kipaza sauti kipitishwe mitaani kwa mkokoteni wa punda. Mwisho, tutie kwenye kundi la WhatsApp picha za vijana wanne tunaowashuku. Moyo wangu wasita, lakini sina hoja ya kumjibu mtu mzima. Tupange vipi? — Katibu, Langoni

Waalaikumu salaam, mwanangu. Kiti chako nimekikalia, kwa hivyo nitaanza na kosa langu.

Nilipokuwa bado nafundisha, kamati ya mtaa wetu kule Mkomani ilinipa kazi ya kuandika tangazo, maana hati yangu ilikuwa ikisomeka. Niliandika kwa wino mwekundu: WEZI WANAINGIA MAJUMBANI, FUNGENI MILANGO MAPEMA. Tukabandika karatasi arubaini. Watu wakanitii kuliko nilivyotaraji. Kabla ya adhana ya magharibi milango ishafungwa. Mabaraza ambayo tangu utoto wangu hayakukosa wazee wawili watatu na birika la kahawa, yakawa matupu. Mkabala na kwetu alikaa mjane mmoja, mtu mzima, aliyezoea kuketi kwenye daka, ukumbi wa mlangoni pa nyumba yake, na upepeo mkononi mpaka isha, akimwamkua kila apitaye kwa jina lake na kumuuliza habari za mamake. Naye aliingia ndani akatia komeo. Siku ya nne nyumba ya pili yake ikaingiwa. Mwizi alipita palepale mbele ya daka lake, pasi na mtu wa kumuuliza "wewe mwana wa nani?"

Kichochoro kile kilikuwa na mlinzi wake miaka yote, asiye na mshahara, na kalamu yangu ndiyo iliyomwondoa. Nilipokwenda kumtaka radhi aliniambia, "Mwalimu, si wewe uliyesema tujifungie?"

Kwa hivyo swali la kwanza mbele ya tangazo lolote: anayelisoma atafanya nini usiku wa leo? Bango la mwenyekiti linamwambia mtu aogope, halimwambii afanye nini. Mwenye hofu asiye na la kufanya hujifungia, na ndia ikibaki tupu mwizi hana wa kumwona.

Lina kasoro nyingine tena. Marekani, katika jimbo la Arizona, kuna mbuga iitwayo Petrified Forest, yenye vipande vya miti ya kale vilivyogeuka mawe. Wageni walikuwa wakivichukua, mmoja mmoja, mfukoni. Mtaalamu wa saikolojia Robert Cialdini na wenzake wakaweka vipande vyenye alama njiani, na vibao vya namna mbili. Kibao kimoja kililalamika kwamba wageni wengi waliopita wamechukua, na mbuga inaharibika. Kingine kilimwomba mgeni asichukue, basi. Penye lalamiko vilipotea karibu vipande 8 katika kila 100. Penye ombi havikufika 2. Mtu akiambiwa kwamba wengi wanafanya, lile jambo hupungua uzito machoni pake. Sasa mfikirie kijana aliye katikati, hajaiba bado, marafiki wanamvuta. Anapita Mkunguni anasoma, kwa herufi kubwa za kamati ya wazee, kwamba wezi Lamu wamezidi. Amefundishwa nini hapo?

Basi acheni mchapishaji kwanza, nunueni daftari. Sisi baada ya aibu ile tulifanya hivyo. Tulikwenda nyumba kwa nyumba kwa walioibiwa, mimi na mama mmoja jirani, kwa sababu wanaume wa kamati waliishia dakani na habari zote zilikuwa ndani. Tuliuliza mambo manne tu: siku gani, saa ngapi, aliingilia wapi, alichukua nini. Zilikuwa nyumba tisa. Sita ziliingiwa baina ya magharibi na isha. Tano kati ya hizo mwizi alishuka kutoka juu, hakuugusa mlango wa mtu. Na tulipopanda kwenye hizo tano tukatazama, nne zilipakana na nyumba inayotengenezwa. Mafundi walikuwa wakishuka jioni, wakinawa chokaa mikononi, wakaenda zao, na ngazi ya boriti ikabaki imesimama ukutani usiku kucha. Nyumba zetu za mawe, wajua, zimeegemeana. Ukishafika juu ya moja umeshafika juu ya nyingi.

Tangazo letu la pili halikubandikwa popote. Lilikuwa maneno haya: "Fundi, ukishuka magharibi, ngazi iingie ndani. Mwenye nyumba, usimlipe ya leo kabla hujaiona ngazi imelala." Mafundi wakuu wenye kazi mtaani wakati ule walikuwa kumi na mmoja. Niliwafuata wote kwa miguu, mmoja mmoja, na wale wenye nyumba walio Nairobi au Ulaya tukawapigia watunzaji wao. Wizi wa kushuka juu ulikoma miezi ile. Wizi wenyewe haukwisha, mwezi uliofuata mtu alivunja dirisha la chini, lakini tulijua tunachokifanya.

Daftari lenu huenda likasema jambo jingine kabisa. Labda ni madirisha, labda ni siku za harusi nyumba inapobaki na mtoto. Lifuateni hilo. Na wale saba waulizeni wangapi walipiga ripoti kituoni wakapewa namba ya OB, ile ya daftari la matukio la polisi. Wengi watakuambia hawakwenda, kwa kuona ni kupoteza wakati. Nenda nao, wewe katibu, ukiwa na orodha yako, umwone OCS, mkuu wa kituo. Katiba ya 2010, kifungu cha 244, inawataka polisi wajenge uhusiano na jamii wanayoihudumia, na sheria ya polisi ya 2011 inaitambua polisi jamii waziwazi. Hamwendi kuomba hisani. Mwulizeni swali moja la maana: doria ya baina ya magharibi na isha itapita wapi? Akijibu, jibu hilo nalo ni la kutangazwa, ila mpate kwanza ahadi atakayoweza kuitimiza.

Neno lenyewe "usalama" litumieni kwa uangalifu. Mgeni hatalijua hili, lakini wewe walijua. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni, kaunti yetu hii ya Lamu, ya Juni 2014, walipouawa watu zaidi ya 60, ikafuata kafyu, na wavuvi wetu wakakatazwa bahari ya usiku, mtu wa Lamu akisikia kipaza sauti kinataja usalama hafikirii mwizi wa simu. Afikiria amri. Afikiria mwanawe amesimamishwa njiani aulizwa kipande. Nimewaona kina mama wakiwavuta watoto ndani kwa sauti ya kipaza tu, kabla hata maneno hayajasikika. Kwa hivyo huo mkokoteni wenye kipaza muuache. Semeni "wizi wa nyumba", semeni "wizi wa simu", mkitaja kitu chenyewe, na mseme wazi kwamba kamati haina shughuli nyingine.

Picha za vijana wanne: hapana. Hapa sina ulaini. Katiba hiyohiyo, kifungu cha 50, inamhesabu mtuhumiwa kuwa hana hatia mpaka mahakama iseme. Kuna na sheria ya kulinda data ya 2019, inayozuia kusambaza habari za mtu ovyo. Lakini hata kama sheria hizo zisingekuwapo ningekukataza. Kijana mmoja niliyemfundisha darasa la sita, mpole, aliyependa kunifutia ubao, alitajwa katika ujumbe wa namna hiyo: "kijana wa fulana ya buluu, anakaa karibu na gati". Hata picha haikuwapo. Walimkuta na fulana ya buluu. Nilimwona jioni yake kwa mamake, jicho limefunga, mdomo umepasuka, ameshika kikombe cha uji na hawezi kunywa. Siku mbili baadaye simu iliyoibwa ikapatikana kwa mtu mwingine kabisa. Hakuna aliyetuma ujumbe wa pili kusema "tulikosea". Kijana akahama, na mpaka sasa akija Lamu kwa Idi hupita ndia za nyuma.

Mwenye shaka na mtu aipeleke kwa OCS. Anayeogopa kujulikana kuna namba ya bure ya Fichua kwa DCI, ya polisi wa upelelezi, 0800 722 203, hutajwi jina. Hiyo namba ndiyo ya kutia kwenye kundi lenu, pamoja na 999 na 112 za dharura.

Sasa, nani abebe ujumbe. Mkitangaza msikitini baada ya isha mmewapata wanaume, na nyumba inapoingiwa aliyemo ni mwanamke. Kina mama wengi hawakai barazani. Wako kwenye maulidi ya wake, kwenye harusi, kwenye chama cha mchango, mlangoni pa chuo cha Kurani saa ya kuwachukua watoto. Ujumbe ufike huko kwa mdomo wa mwanamke mwenzao, na huyo mwanamke awe ameketi nanyi mlipoupanga, mwenye kauli, si aliyeitwa kuleta mahamri ya mkutano. Nimekaa kwenye kamati za wanaume miaka, na nasema hili kwa uchungu: maswali yetu manne ya daftari yalitoka kwa yule mama jirani, na jina lake halikuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao chochote.

Kwa Maulidi yenyewe wageni wengi watavuka kutoka Mokowe, gati la upande wa bara. Waombeni manahodha. Abiria akiwa mashuani hana pa kwenda, ameketi, anatazama mbele. Sentensi moja inatosha: "Karibuni Lamu. Penye goma la Maulidi na msongamano simu iwe mfuko wa mbele, na mkilala nyumba ya watu mjuane na jirani mmoja kwa jina." Mwenyeji yeyote hakasiriki kusemewa maneno hayo, na mgeni haogopi.

Zile shilingi 18,000: taa kwanza. Nikikumbuka vizuri huko kwenu ndia zapita chini ya wikio, kile chumba kiungachacho nyumba mbili juu ya ndia, mahali kadhaa, na chini ya wikio hata mchana mtu humjui mpaka amekufikia. Chagueni palipo pabaya kulingana na daftari. Zungumzeni na mwenye nyumba, taa itoke kwenye mita yake, na kamati imlipie tokeni. Hili la tokeni msilisahau, maana nimeona taa nyingi za msaada zikizimwa mwezi wa pili kwa sababu hakuna aliyeuliza nani analipa umeme. Baada ya taa, chapisheni vikaratasi vidogo, ukubwa wa kiganja, vyenye jambo lenu moja upande mmoja na zile namba upande wa pili. Watoto wa chuo watavifikisha kila nyumba kwa alasiri moja, na mtoto akiulizwa na nyanyake "chasemaje?" atamsomea kwa sauti, nao watazungumza.

Bakisheni fedha kidogo kwa wiki ya tatu baada ya Maulidi. Wiki hiyo mrudi kwa watu walewale, kwa njia zilezile, mseme: tuliahidi hili, tumelifanya; tuliahidi lile, halijafanyika, sababu ni hii; nyumba zilizoingiwa tangu siku ile ni kadhaa. Hata kama hesabu ni mbaya iseme. Kamati nyingi hutangaza hatari kisha zikanyamaza, na tangazo lao la pili watu hawalisikizi.

Na mwenyekiti wako usimjibu kwa hoja. Mpelekee daftari likiwa limejaa, umwombe yeye mwenyewe alisome mbele ya kikao. Mtu mzima akigundua jambo kwa macho yake haoni kuwa ameshindwa.

Mwalimu, natunza nyumba ya kulaza wageni Shela. Tajiri wangu yuko Ulaya, na ameniamuru nisitaje wizi kwa mgeni yeyote kwa sababu watakimbia. Mwezi uliopita mgeni aliacha kamera kitandani, mlango wa juu wazi, ikaenda. Sasa ameandika mtandaoni kwamba hatukumwambia. Nifanye nini? — Mtunza nyumba, Shela

Mwambie tajiri wako kwamba mgeni alilalamikia kunyamaziwa.

Mgeni akifika, unapompa maji ya ndimu na kumwonyesha chumba, mpeleke mpaka kwenye huo mlango wa juu, umfungie komeo mbele yake, umpe mkono afunge mwenyewe mara moja. Mwambie, "Usiku na ukitoka, huu ufungwe. Vitu vya thamani, kabati ni hili na ufunguo ni huu." Mwonyeshe na wewe unalala wapi. Hujataja mwizi hata mara moja. Hotuba ndefu ya hatari ndiyo iogopeshayo, hasa ikitolewa usiku, mgeni akiwa amechoka na safari. Ila akikuuliza waziwazi kama watu huibiwa, mwambie kweli.

Dada Mwalimu, nakuandikia usiku nikilia. Mwanangu alitumia unga wa kulevya miaka mitano. Aliniuzia sufuria, aliniuzia hata kanga za harusi yangu. Alipokubali matibabu alikwenda kukaa Malindi kwa ami yake, kwa sababu ya dawa ya kila siku, na sasa yuko vizuri, alhamdulillahi. Alikuja kunitazama siku tatu. Siku ya pili mtaani ikatangazwa kwamba mateja, watumiaji wa unga, ndio wezi na wasionekane karibu na nyumba za watu. Alikaa ndani mpaka siku ya kuondoka. Je, haki yangu ni ipi? — Mama wa watatu, Lamu

Dada yangu, barua yako niliisoma nikaiweka, nikaisoma tena baada ya alfajiri.

Sitakuficha: walioiba kwa sababu ya arosto, yale maumivu ya kukosa unga, wapo, nawe umeandika mwenyewe habari za kanga zako, na jirani aliyeibiwa sufuria ana haki ya kukasirika. Lakini lile tangazo limekosea, kwa sababu limewataja watu badala ya kutaja kitendo. Lingesema "nguo zilizoanikwa na vyombo vya uani viingizwe kabla ya magharibi", lingemlinda jirani. Lilivyosema halikulinda kitu. Aliyekuwa akiiba usiku ule aliendelea, na aliyejificha ni mwanao ambaye haibi.

Lina madhara mengine ambayo kamati haiyaoni. Kijana aliye bado maskani akitumia, amechoka, anafikiria kuomba msaada, atalazimika kupita mbele ya watu waliomwita mwizi hadharani. Hatapita. Hospitali ya Malindi imekuwa ikitoa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, tangu 2015, na dawa ile hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Kwa hiyo kijana wa Lamu anayeifuata huko huhama kwao akaishi kwa watu, kama alivyofanya mwanao. Mtu aliyekwenda umbali huo arudi kwa mamake siku tatu, apokelewe na tangazo! Nimeumia nikifikiria chakula ulichompikia akila ndani, madirisha yamefungwa.

Ulizia haki yako kwa njia hii. Usiende kwenye kamati peke yako. Nenda na imamu wa mtaa wenu au mzee mmoja anayesikizwa, na uombe mambo mawili. La kwanza, tangazo lirudiwe na mtu yuleyule aliyelitoa, kwa njia ileile, likitaja kitendo na si kundi la watu, na neno "teja" lisiwemo. La pili, kila karatasi ya kamati kuhusu wizi iwe na namba 1192. Ni namba ya bure ya NACADA, taasisi ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, kwa mtu au mzazi anayetaka msaada wa dawa za kulevya. Ukipenda, nipe ruhusa niwaandikie mimi pia.

Wanaweza kukuambia, "Basi mwanao aje asimulie, awe mfano kwa vijana." Kataa kwa adabu. Akitaka mwenyewe, siku moja, na azungumze na wachache anaowachagua. Asipandishwe jukwaani na watu wanaotafuta mfano.

Na mpigie simu leo. Usimsimulie haya ya kamati. Muulize amekula nini.

Mwalimu, shikamoo. Natoka Shella ya Malindi, si Shela yenu. Ninasimamia kundi la WhatsApp la mtaa, watu 240 na ushei. Kila usiku ni ujumbe wa sauti: wezi wameonekana, watoto wanaibwa, gari jeupe linazunguka. Nikifuta naambiwa nawaficha wezi. Nisipofuta watu hawalali. Nimekutumia mmoja usikilize. — Msimamizi, Malindi

Marahaba mwanangu. Kundi lako litafaa kitu siku litakapokuwa na kanuni moja, na iandike juu kabisa ambapo kila mtu ataiona: kila habari ya hatari itaje nani aliona kwa macho yake, wapi, na saa ngapi. Ikikosa kimojawapo, inafutwa bila mjadala, awe ameituma mzee au kijana. Utalaumiwa wiki mbili. Vumilia. Baada ya hapo watu wataanza kuulizana wenyewe kabla ya kutuma, nimeliona hilo katika kundi la wazazi wa shule.

Tafuta wasaidizi wawili, mmoja awe mwanamke, kwa sababu ujumbe wa saa sita za usiku hautakusubiri uamke. Mmoja wenu awe na namba ya mzee wa mtaa na ya kituo, apige aulize kabla habari haijaenda mbele, na jibu alirudishe kwenye kundi hata likiwa "hakuna kitu". Hasa likiwa hakuna kitu, maana hofu ya jana isipojibiwa huchanganyika na ya leo. Na uwakumbushe watu kwamba tangu 2018 Kenya ina sheria ya makosa ya mitandao, na kumzulia mtu uongo kunaweza kumfikisha aliyeutuma mahakamani. Usiwatishe nayo kila siku. Mara moja inatosha.

Habari za watoto kuibwa zina hatari kubwa kuliko zote. Mgeni yeyote mwenye mkoba anaweza kupigwa kwa ajili ya sentensi moja. Mtoto akipotea kweli, namba ni 116 na ni ya bure, pamoja na kituo cha polisi hapohapo bila kungoja saa zipite. Kwenye kundi sema mtoto alivaa nini na alionekana mwisho wapi. Usitaje mshukiwa.

Ule ujumbe ulionitumia nimeusikiliza mara tatu. Mwanamume anazungumza upesi, nyuma yake mashine ya pikipiki inasikika. Anasema "nimeambiwa" mara nne. "Nimeona" hakusema hata mara moja. Na katikati ametaja duka la mama mmoja, karibu na stendi ya bodaboda, kwamba ndipo wezi wanapokutania. Ufute leo, uwaambie watu kwamba umeufuta na kwa nini. Kisha nenda mwenyewe mpaka dukani kwa yule mama, ununue kitu, ukae kidogo, umwambie kwamba ujumbe umeondolewa. Wateja wake watakuwa wamepungua, na hajui sababu.